Gurudumu Kubwa la Prater, Vienna

Gurudumu hili, ambalo wenyeji huliita Riesenrad, lilijengwa mwaka 1897 na mhandisi Mwingereza Walter Bassett. Kimo chake ni karibu mita 65. Mwaka 1916 kibali cha kulibomoa kilitolewa, lakini fedha za kazi hiyo zikakosekana.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia lilinunuliwa na Eduard Steiner, mfanyabiashara Myahudi. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 alinyang'anywa mali yake, na mwaka 1944 akauawa katika kambi ya Auschwitz. Jina lake linastahili kutajwa kila gurudumu hili linapotajwa.

Mwaka huohuo wa 1944 moto wa vita uliteketeza mabehewa ya gurudumu. Yalikuwa 30. Gurudumu lilipoanza kuzunguka tena mwaka 1947, katika mji uliojaa vifusi, yalirudishwa 15 tu, kwa hofu kwamba chuma kilichopitia moto kisingehimili uzito wa awali. Tazama nafasi pana kati ya behewa na behewa: ni alama ya vita hivyo.

Ukifika juu, utafute mnara wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano. Nalo liliungua, mwaka 1945, likajengwa upya.