Mitandao ya Kompyuta na Seva Maofisini: Karatu na Ngorongoro

Mtandao wa ofisi ni kompyuta, printa, simu na mashine nyingine za jengo moja au majengo jirani zilizounganishwa kwa waya au redio, zikatumia kwa pamoja mafaili, vifaa na njia ya intaneti. Seva ni kompyuta iliyowekwa kuzihudumia zile nyingine: ndiyo inayotunza mafaili, vitabu vya hesabu, kumbukumbu za wagonjwa au orodha ya wageni. Makala haya yanahusu ufungaji wa mitandao hiyo na utafutaji wa hitilafu zake katika mji wa Karatu, ulioko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari kwenye barabara itokayo Arusha, na katika Hifadhi ya Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta unapita mita 2,300.

Wilaya ya Karatu ilimegwa kutoka ile ya Mbulu miaka ya 1990. Ofisi zake ni za kila aina: halmashauri, mabenki, SACCOS, kampuni za utalii, hoteli za wageni, mashamba ya kahawa, wanunuzi wa vitunguu wa Mang'ola, na hospitali kama FAME, iliyofungua kliniki yake mwaka 2008. Kwa nyingi kati ya hizo mtandao umekuwa sehemu ya kazi yenyewe. Malipo ya serikali hupitia mfumo wa GePG, ulioanza kazi mwaka 2017, na kampuni ya utalii hulipia kibali kwa kontroo namba kabla gari halijafika lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Duka nalo lina mashine ya risiti ya EFD inayotuma taarifa kwa mamlaka ya mapato, TRA. Mtandao ukikata saa mbili asubuhi, magari yenye wageni husimama.

Njia ya kutoka nje

Intaneti huingia Karatu kwa nyaya za faiba, kwa minara ya kampuni za simu, na mbali na mji kwa dishi la satelaiti. Faiba za nchini zinategemea Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na unaendeshwa na TTCL. Mkongo nao hukutana Dar es Salaam na nyaya za baharini, ikiwemo SEACOM iliyofika mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Ni safari ndefu, na kila kipande chake kinaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Jumatatu iliyofuata ofisi zilizoweka kila kitu chao kwenye seva za ng'ambo hazikuweza kufungua hata faili la jana kwa wepesi uliozoeleka.

Satelaiti ina tabia yake. Ile ya kizamani, inayokaa juu ya ikweta kwenye kimo cha kilomita 35,786, huchelewesha kila swali na jibu kwa takriban nusu sekunde au zaidi, hata kama kifurushi ulichonunua ni kikubwa. Programu ya hesabu inayouliza seva ya mbali maswali mia moja ili kufungua ukurasa mmoja itamkalisha mhasibu akiitazama skrini karibu dakika nzima. Kuongeza kifurushi hakuondoi tatizo hilo. Dawa ni kuisogeza seva karibu.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya kujenga mtandao wa ofisi katika ukanda huu ni kwamba kazi ya ndani iendelee hata njia ya nje ikifa. Mgonjwa apokelewe, risiti ichapwe, stoo ihesabiwe, na yanayotakiwa kwenda nje yasubiri foleni hadi mawasiliano yarudi. Wauzaji wa huduma za mtandaoni husema seva ya ofisini imepitwa na wakati. Kwa ofisi ya Dar es Salaam yenye faiba mbili, pengine. Kwa kituo cha afya kilicho nyuma ya msitu wa Ngorongoro, hapana.

Umeme na radi

Hitilafu nyingi zinazoitwa za mtandao huanzia kwenye umeme. Volti ikishuka, rauta hujiwasha upya bila mtu kuona. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, adapta huungua. Seva ikizimika ghafla katikati ya kuandika, daftari la hesabu huharibika. Kwa hiyo UPS, yaani kasha la betri linaloshikilia umeme ukikatika, ya kwanza huenda kwenye seva, swichi na rauta, wala si kwenye kompyuta ya meneja, kama inavyofanyika mara nyingi. UPS ya kawaida hutoa dakika chache tu. Kazi yake ni kumpa jenereta nafasi ya kuwaka, au kuiamuru seva ijizime kwa utaratibu, na amri hiyo ni lazima iwekwe na kujaribiwa: kebo ya USB kutoka UPS hadi seva ndiyo inayosahaulika kuliko vyote.

Ofisi isiyo na jenereta hupiga hesabu ya betri. Seva ndogo ya wati 60, swichi ya 15, rauta ya 10 na redio ya 10 jumla ni wati 95. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini haifai kunyonywa zaidi ya nusu, na inveta nayo hula sehemu yake. Kinachobaki kinatosha takriban saa tano. Kompyuta za mezani hazimo katika hesabu hiyo, ndiyo maana ofisi nyingi hupendelea laptopu.

Radi ya miezi ya masika huingia kwa njia mbili: kwenye nyaya za umeme, na kwenye waya wa mtandao uliovutwa nje kati ya majengo. Hii ya pili huwashangaza watu. Radi ikipiga ardhini karibu, ardhi ya jengo moja na ya jirani huwa na volti tofauti kwa kitambo kidogo, na waya wa shaba unaoziunganisha hupitisha tofauti hiyo moja kwa moja hadi kwenye poti za swichi. Hoteli yenye nyumba za wageni zilizotawanyika bustanini ivute faiba kati ya majengo. Kioo hakipitishi umeme. Faiba pia huvuka mita 100, ambazo ndizo kikomo cha waya wa kawaida wa mtandao. Mlingoti wa antena nao uwe na waya mnene wa kuushusha umeme ardhini, ulioungwa na ardhi ya jengo zima badala ya kuwa na chuma chake pekee.

Nyaya na redio

Sokoni kuna waya wa bei nafuu ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwaruzwa kwa kisu, weupe huonekana. Huo hukatika ukikunjwa, na ukipitisha umeme wa kulishia kamera au antena hupata joto na kupoteza volti njiani. Waya wa shaba tupu wa Cat5e unatosha kwa ofisi ya kawaida. Rangi zifuate mpangilio mmoja ncha zote mbili. Unaotumika sana ni T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Panya hupenda dari, kwa hiyo nyaya zipite kwenye tranki au bomba.

Kutoka mjini kupanda kwenye vituo vya mbali, redio za masafa ya 5.8 GHz hutumika kuunganisha majengo yanayoonana. Matumizi ya masafa nchini husimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kuonana kwa macho peke yake hakutoshi. Kwa umbali wa kilomita 20, mawimbi huhitaji nafasi wazi yenye nusu kipenyo cha mita zipatazo 16 katikati ya njia, na mti uliokua miaka mitatu huweza kuingia ndani yake. Ukungu unaofunika ukingo wa kreta asubuhi haudhuru masafa hayo kwa kiasi cha kuonekana. Majani yaliyolowa ndiyo yanayomeza mawimbi. Kiungo kinachodhoofu baada ya mvua na kupona jua likichomoza ni ishara ya mti njiani, au ya maji yaliyoingia kwenye kiungio cha kebo.

Mahali pa seva

Vumbi jekundu la Karatu huziba feni za kompyuta, na kimo kinaongeza tatizo ambalo wachache hulijua: hewa nyepesi hupooza vibaya. Kwa daraja la kawaida la seva za ofisini, kikomo cha joto la chumba hupungua nyuzi moja kwa kila mita 300 juu ya mita 900. Seva iliyoandikiwa nyuzi 35 inabaki na 33 hivi Karatu mjini na karibu 30 ukingoni mwa kreta. Ukingoni kuna baridi, hivyo joto la nje si tatizo, ila kabati lililofungwa lenye UPS ndani yake hufikia kikomo hicho kwa urahisi. Jiko la hoteli na chumba cha jenereta si mahali pa seva, hata kama ndipo penye nafasi.

Seva yenyewe haihitaji kuwa ya fahari. Kompyuta imara yenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile, ikiendeshwa kwa Linux na programu ya Samba, hutosha kwa mafaili ya watu kumi na watano. Ofisi yenye programu za Windows hutumia Windows Server. Seva hiyo inaweza pia kuhifadhi masasisho. Kompyuta 15 zikishusha kila moja sasisho la GB 1, GB 15 za bando zimekwenda, ilhali seva ingelishusha mara moja na kuligawa.

Diski mbili zenye kitu kilekile si nakala ya akiba. Kirusi kinachofunga mafaili hufunga diski zote mbili kwa sekunde ileile, na mwizi hubeba kasha zima. Mafundi wengi hufuata desturi ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Diski ya nje inayopelekwa jengo lingine kila Ijumaa ni njia ya gharama ndogo inayofanya kazi. Kila baada ya muda faili moja lirudishwe kutoka humo ili kuthibitisha kwamba linafunguka, kwa maana zipo ofisi zilizotunza kwa uaminifu, miaka na miaka, diski isiyosomeka.

Kutafuta hitilafu

Fundi mzuri huanzia chini. Kwanza taa: umeme upo, na taa ya poti inawaka? Kisha anwani ya IP ya kompyuta. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipangia yenyewe kwa kukosa jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani. Tatizo liko kwenye waya, swichi au rauta, na kuipigia kampuni ya intaneti ni kupoteza asubuhi. Anwani ikiwa sahihi, ipigiwe ping rauta ya ofisi. Ikijibu, ipigiwe 8.8.8.8, seva ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 ikinyamaza, njia ya nje imekata. Ikijibu 8.8.8.8 lakini tovuti hazifunguki kwa majina, DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, ndiyo iliyoanguka. Hatua hizo huchukua dakika chache, na huzuia kosa linalogharimu zaidi ya yote: kubadili mipangilio mitatu kwa pamoja kisha kutojua ni upi ulioponya au kuharibu.

Baadhi ya magonjwa hujirudia katika ofisi za huku. Nusu ya kompyuta zinapata intaneti na nusu hazipati: mtu ameleta rauta ya nyumbani ili Wi-Fi ifike chumbani kwake, nayo inagawa anwani zake yenyewe. Hugundulika kwa kulinganisha anwani ya lango la kutokea kwenye kompyuta nzima na mbovu. Ni busara ofisi itumie 192.168.10 au namba nyingine iliyo mbali na 192.168.1 ambayo modemu nyingi huja nayo, ili rauta hiyo ngeni ijulikane mara moja. Taa zote za swichi zinapepesa kwa fujo na kila kitu kimeganda: waya mmoja umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi, mara nyingi baada ya usafi.

Hotelini ugonjwa huja jioni. Magari yakisharudi kutoka kreta, wageni hupandisha picha na video kwa pamoja, njia ya kupandishia hujaa, na ping ya mapokezi hutoka milisekunde 40 hadi mamia. Wageni watenganishwe na ofisi kwa VLAN, yaani mitandao miwili tofauti ndani ya nyaya zilezile, na rauta iwekewe kikomo kwa kila mgeni. Rauta za MikroTik, zilizozagaa Afrika Mashariki, zina uwezo huo hata zile za bei ya chini.

Tarehe nayo isipuuzwe. Kompyuta inayozimwa ukutani kila jioni, betri yake ndogo ya CR2032 ikifa, huamka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti za benki na za serikali huikataa zikidai cheti si halali, na katika mtandao wa Windows Server tofauti ya zaidi ya dakika tano huzuia mtumiaji kuingia. Watu hubadilisha nywila mara nne kabla hawajatazama saa ya kona ya skrini.

Kumbukumbu na sheria

Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na hoteli inayotunza nakala za pasipoti, sawa na zahanati inayotunza mafaili ya wagonjwa, inawajibika nazo. Folda hizo zisiachwe wazi kwa kila kompyuta ya ofisi, wala Wi-Fi ya wageni isizifikie.

Kila mtandao uwe na daftari: mchoro wa nyaya na namba za poti, anwani za vifaa, tarehe za kubadilisha betri za UPS, jina la kampuni ya intaneti na namba ya mteja, na kila badiliko lililofanywa pamoja na aliyelifanya. Fundi wa Karatu mara nyingi huhudumia ofisi kadhaa, na siku hitilafu inapotokea anaweza kuwa Endulen, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mahali ambapo simu inashika kwa kubahatisha. Nywila za rauta na seva ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na bahasha ikae kwenye sefu ya mhasibu.