Uanakisti na Wizi Mdogo: Maana ya Istilahi

Istilahi uanakisti inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya hali ya kutokuwa na mtawala, nayo ilianza kuwa jina la msimamo wa kisiasa mwaka 1840, Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alipojitambulisha kuwa mwanakisti katika kitabu chake kuhusu mali. Wengi wanaoandika kwa Kiswahili huitafsiri dhana hii kuwa fujo au machafuko. Tafsiri hiyo inaifaa nchi iliyosambaratishwa na vita, lakini inaupotosha mkondo huu wa fikra, kwa sababu wanakisti hawakukataa utaratibu, bali walikataa mamlaka yanayoulazimisha kutoka juu. Umbo uanakisti, lililoundwa kama usoshalisti na ukomunisti, ni bora zaidi, maana linataja fikra bila kuihukumu.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi linapozuka suala la udokozi, yaani wizi wa vitu vidogo kama kuku, simu au nguo zilizoanikwa, kwa kuwa swali la kwanza analoulizwa mwanakisti ni nani atakayemshika mwizi ikiwa polisi hawapo. Pyotr Kropotkin, Mrusi aliyefungwa Saint Petersburg mwaka 1874 na baadaye Clairvaux, Ufaransa, hadi 1886, alilijibu kwa kuyachunguza magereza aliyoyajua kutoka ndani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1887 alieleza kwamba kifungo humnyima mtu nafasi ya kutumia utashi wake, humzoeza uongo na humrudisha mtaani akiwa mhalifu aliyekomaa. Aliona pia kuwa makosa mengi yanayofikishwa mahakamani yanahusu mali, kwa hiyo chanzo chake kitafutwe kwanza katika mgawanyo wa mali hiyo.

Hoja ya pili, ambayo pengine ndiyo nzito zaidi, inahusu umiliki wa mgogoro, yaani haki ya waliokoseana kulishughulikia wenyewe jambo lao. Mtaalamu wa elimu ya jinai wa Norwei, Nils Christie, aliyekuwa karibu na fikra hizi, aliifafanua katika makala ya mwaka 1977 inayoanza na shauri la Arusha, ambako mwanamume na mwanamke waliovunja uchumba walikuwa wakidaiana mali. Wahusika na jamaa zao walikaa katikati, wanakijiji waliowazunguka wakauliza na kujibu, na waliosema machache kuliko wote walikuwa waamuzi. Christie aliona kuwa mahakama za kisasa hufanya kinyume, kwa kuwa aliyeibiwa hubaki shahidi tu, huku dola na mawakili wakimpokonya shauri lake. Utaratibu wa kuwakutanisha aliyekosa na aliyekosewa, ili madhara yatajwe na fidia ikubaliwe, unaweza kuitwa haki rejeshi, kwa maana ya haki inayokusudia kurejesha kilichoharibika.

Haki rejeshi isichanganywe na kujichukulia sheria mkononi. Umati unaomzingira kibaka na kumtia moto haujayaondoa mamlaka. Umeyatwaa yote kwa mara moja, ukawa polisi, hakimu na mnyongaji, tena bila kumpa mshukiwa nafasi ya kusema neno. Kuliita tendo hilo la kikatili uanakisti ni kosa la istilahi linaloficha uovu wenyewe, kwani mshukiwa anayeuawa hawezi kurudisha simu wala kulipa fidia, na aliyeibiwa haulizwi anataka nini.

Ugumu unaobaki ni wa kweli. Muitaliano Errico Malatesta alikiri kwamba watakuwapo watu watakaowadhuru wenzao hata baada ya dola kuondoka, na kwamba jamii itabidi ijilinde. Alichokiogopa ni ulinzi huo kugeuzwa kazi ya kikosi maalumu chenye masilahi yake. Hata hivyo, baraza la majirani nalo lina wakubwa wake, na kijana asiye na ukoo mtaani, au mtumishi wa nyumbani anayeshutumiwa na mwajiri wake, huingia katika baraza hilo bila mtu wa kumsemea.