Mkasi na gundi vilivyookoa historia ya weusi wa Philadelphia

Marekani, katika karne ya 19, kitabu kilichokwisha kazi hakikutupwa ovyo. Ripoti ya serikali au daftari la hesabu la zamani liligeuzwa: watu walikata habari na picha za magazeti, wakazibandika juu ya kurasa zake kwa gundi ya unga na maji. Mwandishi Mark Twain aliona biashara hapo. Mwaka 1873 aliandikisha uvumbuzi wake, kitabu chenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi.

Kwa raia weusi haikuwa mchezo. Vitabu vya shule viliwaacha nje. Na familia iliyowahi kukimbia usiku inajua: sufuria hubebwa, karatasi hubaki. Baba yake William Dorsey alitoroka utumwa. Mwanawe, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1837, alibandika miaka na miaka: mikutano, vifo, mauaji, hata kejeli za magazeti ya wazungu. Alifikisha vitabu 388.

Alifariki mwaka 1923. Vitabu vilikaa kimya katika chuo cha Cheyney hadi miaka ya 1970. Mwaka 1991 mwanahistoria Roger Lane alichapisha kitabu kizima kuhusu Philadelphia ya Dorsey, akitumia vipande vile vile.