Meli Iliyokuja kwa Makasha

Juma lililopita nilikuwa Mwamgongo, kaskazini ya Kigoma, ambako mgeni hufika kwa boti. Nilimpelekea mpwa wangu, mwenye miaka 12, zawadi ya meli ya plastiki ya kuunganisha: vipande zaidi ya mia, kila kimoja na namba yake, na karatasi ya maelekezo.

Watoto wa pale huchonga mitumbwi yao kwa kandambili chakavu na vipande vya dumu. Lakini mimi, mtu mzima mwenye diploma, nikashika gundi na kuanza. Baada ya saa moja pande mbili za meli hazikukutana. Ukabaki mwanya wa kupitisha kisu. Nikasema tutauziba kwa rangi. Rangi ikauonyesha zaidi. Kijana akaniambia kwa adabu: "Mjomba, tungejaribisha kwanza bila gundi."

Nikaikumbuka Liemba, meli kongwe ya ziwa lile lile. Iliundwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer, ikaitwa Graf von Götzen. Mafundi waliifunga kwanza kwa bolti, wakahakikisha kila bamba limekaa mahali pake, kisha wakaifungua yote na kuipakia katika makasha 5,000 hivi. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni ya Reli ya Kati. Kigoma ikafungwa upya, safari hii kwa ribiti, na Februari 1915 ikashushwa majini, meli ya mita 71 hivi!

Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza walizipaka mashine grisi nene. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mashine zilikuwa bado zafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa.

Sasa, waliotumwa kutoka Papenburg pamoja na makasha walikuwa watatu: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Majina yao tunayo. Lakini meli kama ile haipigwi ribiti na watu watatu. Walikuwapo mafundi wa Kihindi, na vibarua wa Kiafrika waliobeba vyuma na kushika nyundo. Hao, katika maandishi niliyoyasoma, wametajwa kwa jumla tu. Wakati kipande cha meli yetu ya plastiki, kidogo kama punje ya mchele, kina namba yake!

Jioni, ufukweni, wavuvi wakitayarisha taa za kuvulia dagaa, mzee mmoja alinisimulia kwamba babu yake alikwenda Kigoma kubeba vyuma vya "meli ya Mdachi", akarudi amepungukiwa kidole. Nikamwuliza babu huyo aliitwa nani. Akanitajia, na jina la baba yake pia. Sikuwa na daftari. Nikayaandika nyuma ya ile karatasi ya maelekezo.