Mtambo Uliofundishwa Maneno ya Fundi

Msomaji, ukimwuliza mpishi kama maji yamepata moto, hakujibu kwa tarakimu. Husema ni vuguvugu, au yamekaribia kuchemka. Maneno hayo yamtosha. Lakini kompyuta zilikuwa zimejengwa juu ya majibu mawili tu: ndiyo na siyo.

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alionyesha kwamba kitu chaweza kuwamo katika kundi kwa kadiri fulani, tangu 0 hata 1. Fikra hiyo ilichukuliwa na Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanganyika, aliyekuwa akifundisha London. Yeye na mwanafunzi wake, Assilian, waliongoza kwayo injini ndogo ya mvuke, wakatangaza habari zake mwaka 1975.

Fikiri sasa jinsi mtambo wa namna hiyo usomavyo kipimo. Tuseme nguvu ya mvuke imeshuka. Mtambo haulazimiki kuchagua kati ya "kidogo" na "sana". Waweza kuhesabu kwamba imeshuka "kidogo" kwa kadiri ya 0.7, na "sana" kwa 0.3. Kanuni isemayo, "Ikishuka sana, ongeza moto mwingi," husikilizwa kwa 0.3, na ile ya "kidogo" kwa 0.7. Kisha mashauri yote hupatanishwa yakawa amri moja.

Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza safari zikiongozwa kwa mantiki ya jamii hiyo. Basi, usiidharau elimu ya fundi asiyetaja tarakimu. Maneno yake yalikuwa na hesabu ndani yake. Yalingoja tu mtu wa kuyasikiliza.