Doa Linalopoza Jua: Usafi wa Plazma katika Majaribio ya Leza

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, Marekani, miale 192 ya leza ilielekezwa ndani ya silinda ya dhahabu yenye urefu wa sentimita 1 hivi. Katikati yake kilining'inia kidonge cha almasi, kidogo kama punje ya ulezi, kilichotandwa ndani kwa barafu ya duteriamu na tritiamu, haidrojeni mbili nzito. Leza ilipeleka megajuli 2.05, muungano wa viini ukatoa 3.15.

Ni rahisi kuusifu ukubwa wa mtambo huo wa leza. Lakini mtambo huo ulianza kazi mwaka 2009, na kampeni yake ya kwanza ya kuwasha duteriamu na tritiamu iliisha mwaka 2012 bila mafanikio. Makala hii inashikilia kwamba kilichokosekana kwa muongo mzima hakikuwa nguvu tu, bali zaidi ni usafi na ulinganifu wa plazma yenyewe, yaani gesi ya moto mkali ambayo elektroni zake zimeachana na viini.

Leza haikigusi kidonge. Hupiga kuta za dhahabu, nazo zikapata joto la nyuzi milioni 3 hivi na kumwaga eksirei. Eksirei huunguza ngozi ya kidonge; ngozi ikifyatuka kwenda nje, kilichobaki husukumwa ndani kama roketi, kwa kasi ya takriban kilomita 400 kwa sekunde. Kitovuni joto hupita nyuzi milioni 100.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Kila viini viwili vikiungana, sehemu kubwa ya nishati huchukuliwa na nutroni, ambayo huondoka zake. Moja ya tano tu hubaki na chembe ya alfa, na ndiyo inayotarajiwa kuichochea plazma iendelee kuwaka. Upande wa hasara, elektroni zikikatiza karibu na viini hutoa eksirei zinazotoroka na joto. Hasara hiyo hukua kwa mraba wa chaji ya kiini: haidrojeni ina chaji 1, kaboni ina 6. Kwa hiyo kiini kimoja cha kaboni kilichojipenyeza humwaga joto mara 36 ya lile la kiini cha haidrojeni. Na almasi ni kaboni tupu.

Kaboni hiyo hupenyaje? Mimina maji taratibu juu ya mafuta ya nazi yaliyoyeyuka: hayatulii juu hata kidogo. Uzito ulio juu hushuka kwa vidole, wepesi hupanda, na mpaka kati yao huvurugika. Kidonge kinaposinyaa, gesi nyepesi ya moto huusukuma ukuta mzito wa baridi, na kila kikwaruzo hugeuka kidole. Hata mrija wa kukijazia kidonge duteriamu na tritiamu, ambao umepunguzwa hadi unene wa maikromita 2, huacha mchirizi wa uchafu unaoingia kitovuni.

Agosti 2021 jaribio moja lilitoa megajuli 1.3 na zaidi. Likarudiwa mara kadhaa kwa leza ile ile, lakini mavuno hayakulifikia. Vidonge havikuwa na ubora uleule. Mwaka uliofuata ukuta wa almasi ukaongezwa unene kidogo ili uvumilie dosari, na mgawanyo wa nishati kati ya miale ukarekebishwa ili kidonge kisinyae sawasawa.

Mpinzani atasema leza nayo iliongezwa nguvu kwa asilimia 8 hivi, na ni kweli: ukuta mnene unahitaji msukumo zaidi. Atakumbusha pia kwamba mtambo ulivuta takriban megajuli 300 za umeme kwa jaribio hilo la Desemba. Hilo ni deni zito kwa yeyote anayeota kituo cha umeme. Lakini nguvu peke yake haielezi yaliyofuata. Julai 2023, kwa megajuli zile zile 2.05, kidonge kilitoa 3.88. Oktoba leza ikapandishwa hadi 2.2, mavuno yakashuka kuwa 3.4. Februari 2024, leza ikiwa pale pale kwenye 2.2, yakafika 5.2.