Tovuti inapokataa kufunguka: Istilahi za seva na maana ya namba za hitilafu

Shule, kanisa au chama cha ushirika cha Khwisero, katika Kaunti ya Kakamega, kinapofungua tovuti, wengi wa wasomaji kinaowalenga hawaishi Khwisero. Mzazi aliye Mombasa anatafuta kiwango cha karo. Mzaliwa wa Kisa anayefanya kazi Nairobi anataka kujua mchango wake wa ujenzi umefikia wapi. Mtu huyo akikutana na ukurasa mtupu ulioandikwa 404 au 500, hana ofisi ya kuingia na kuuliza. Huondoka, na huenda asirudi tena.

Namba hizo hazitokei ovyo. Zina kanuni, na kila moja humdokezea mwenye tovuti mahali kosa lilipo na mtu anayepaswa kulirekebisha. Asiyezielewa aweza kumlipa fundi kwa kazi ya dakika mbili, au akakesha akichakura faili zake ilhali kosa liko kwa kampuni inayomkodishia nafasi.

Seva, kikoa na hifadhi

Seva ni tarakilishi isiyozimwa, iliyounganishwa na intaneti, ambayo kazi yake ni kupokea maombi na kutoa kurasa. Neno hilo hutumiwa pia kwa programu inayofanya kazi hiyo ndani ya tarakilishi. Miongoni mwa programu mashuhuri za aina hiyo ni Apache, iliyotolewa mwaka wa 1995, na nginx, iliyotolewa mwaka wa 2004. Seva ya kwanza ya wavuti iliundwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka wa 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, nchini Uswisi.

Kivinjari ni programu iliyo katika simu au tarakilishi ya msomaji. Hicho ndicho hupiga hodi kwa seva, nayo seva huitikia. Mazungumzo yao hufuata kanuni iitwayo HTTP. Panapoongezwa herufi S, yaani HTTPS, mazungumzo hayo huwa yamefumbwa ili mtu wa kando asiweze kuyasoma.

Kikoa ni jina la tovuti. Seva hutambuana kwa anwani za tarakimu, ambazo ni vigumu kwa binadamu kuzikumbuka. Kwa hiyo upo mfumo uitwao DNS unaogeuza jina kuwa anwani hiyo. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KENIC: .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyotafuta faida, .sc.ke ni ya shule, na .go.ke ni ya serikali.

Hifadhi ni nafasi ambamo faili za tovuti huwekwa ndani ya seva. Kikoa ni kama jina lililoandikwa langoni. Hifadhi ndiyo nyumba yenyewe. Vyote viwili hukodishwa kwa muda, na kila kimoja kina ada yake. Hapa ndipo wengi hujikwaa: hulipia hifadhi, wakasahau kikoa, kisha wakashangaa tovuti imetoweka.

Tarakimu ya kwanza ndiyo ufunguo

Jibu la seva huwa na namba ya tarakimu tatu. Ikianza kwa 2, mambo ni shwari. 200 ni sawa na kuambiwa “karibu”. Ikianza kwa 3, ukurasa umehamia kwingine. 301 ina maana kuwa umehama moja kwa moja. Ikianza kwa 4, ombi lenyewe lina kasoro. Ikianza kwa 5, ombi halina ila, lakini seva imeshindwa kulitimiza.

404: Seva iko na inafanya kazi, lakini faili iliyoombwa haikupatikana. Sababu moja ya kawaida ni herufi. Seva nyingi hutumia mfumo wa Linux, ambao hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili iliyohifadhiwa kwa jina Karo.html haitafunguka kiungo kikiandikwa karo.html, ingawa katika tarakilishi ya ofisini yenye Windows ilifunguka bila taabu. Sababu nyingine ni kupakia faili katika saraka isiyofaa. Katika hifadhi nyingi za kukodi, faili hutakiwa kuwa ndani ya saraka iitwayo public_html.

403: Seva imeelewa ombi lakini imekataa kulitimiza. Huenda faili haina idhini ya kusomwa na umma, au saraka haina ukurasa wa kwanza, ambao kwa kawaida huitwa index.html. Katika seva za Linux, idhini ya kawaida ya faili ni 644 na ya saraka ni 755. Kuweka 777 ili kumaliza usumbufu ni hatari, kwa sababu huwapa watumiaji wote wa seva hiyo uwezo wa kubadilisha yaliyomo.

500: Kuna hitilafu ndani ya seva. Mara nyingi chanzo ni kosa katika programu ya tovuti au katika faili ya mipangilio iitwayo .htaccess. Jambo la kwanza ni kutazama lililobadilishwa mwisho, kisha kusoma kumbukumbu za makosa, ambazo hifadhi nyingi huziweka wazi kwa mteja.

502 na 504: Seva ya mbele imepata jibu baya, au haikupata jibu kwa wakati, kutoka kwa seva iliyo nyuma yake. Iwapo hali hiyo itaendelea, inafaa kampuni ya hifadhi iarifiwe.

503: Seva haiwezi kuhudumu kwa sasa, aghalabu kwa kuwa inakarabatiwa au imelemewa na maombi. Wakenya walionja athari za kulemewa huko Julai 2023, wakati mfumo wa serikali wa eCitizen ulipofurikwa kwa makusudi na maombi kupita kiasi, na huduma nyingi zikakwama.

Hitilafu zisizo na namba

Ikiwa hakuna namba yoyote, yamkini kivinjari hakikupata jibu la seva. Ujumbe kwamba jina halikupatikana huelekeza kwenye kikoa: huenda muda wake umekwisha, au kimehamishwa karibuni, na mabadiliko ya DNS yaweza kuchukua hadi saa 48 kuenea.

Onyo kwamba tovuti si salama mara nyingi hutokana na cheti cha HTTPS kilichopitwa na wakati. Shirika la Let’s Encrypt lilianza kutoa vyeti vya bure mwaka wa 2015, vikiwa na uhai wa siku 90. Kwa hiyo ni muhimu kuhakikisha kuwa cheti hujihuisha chenyewe.

Kuchelewa kupita kiasi kwaweza kuwa tatizo la njia. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, mawasiliano yalizorota Afrika Mashariki. Tovuti iliyohifadhiwa ng’ambo ingeweza kuonekana imekufa kwa msomaji wa Kenya, ilhali seva yake ilikuwa nzima.

Kabla ya kumwita fundi

Mwenye tovuti aifungue kwa simu inayotumia mtandao mwingine. Aandike namba ya hitilafu, saa ilipotokea na anwani kamili ya ukurasa. Akague tarehe za kumalizika kwa kikoa, hifadhi na cheti. Kisha arejelee jambo la mwisho alilobadilisha. Ndiyo maana inafaa kuweka nakala ya faili zote nje ya seva kabla ya kugusa chochote.

Ikiwa namba ni 404 au 403, aanze na faili zake mwenyewe. Ikiwa inaanza kwa 5 na hakubadilisha kitu, aiarifu kampuni ya hifadhi. Fundi akihitajika, atakuja akijua pa kuanzia, na mwenye tovuti atajua analipia nini.